Mionzi ya koo ilinikausha mate, meno yakafuata: wenye wagonjwa someni kabla ya kuanza tiba

MwalimuWaMajengo

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha, kwa sababu juma lililopita baada ya swala ya Alasiri nilizungumza na kijana anayempeleka babake Nairobi kuanza mionzi ya koo. Nikamuuliza, "Meno ya mzee yameangaliwa?" Akashangaa. "Mwalimu, mzee anaumwa koo, si meno." Hakuna aliyemwambia. Na mimi wakati wangu hakuna aliyeniambia.

Nina miaka 54, nasomesha madrasa. Mwaka 2021 nilitokwa na uvimbe shingoni upande wa kushoto, mgumu, usiouma. Nikaupaka mafuta ya habasoda miezi miwili nikidhani ni tezi za mafua. Kipande kilipokatwa kikapimwa, ikawa saratani iliyoanzia nyuma ya ulimi. Nikapangiwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki saba, na kemo, yaani dawa za kuua saratani, pamoja nayo. Nikashuka Nairobi, nikakaa kwa ndugu yangu.

Wenye kupitia haya wanaijua barakoa. Wanachukua bapa la plastiki lenye matundu kama wavu, wanalilainisha kwenye maji ya moto, wanakufunika nalo uso mpaka mabegani, linaganda kwa sura yako. Kila siku unalazwa, unafungwa nayo kwenye meza usisogee hata unywele. Mionzi yenyewe huisikii. Hakuna moto, hakuna maumivu. Nilikuwa nasoma Ayatul Kursi moyoni mara kadhaa, mashine inanyamaza, nafunguliwa naenda zangu.

Wiki ya pili nikaona mate yamebadilika. Kwanza yakawa mazito, yanavutika kama ute wa bamia. Nikitema hayatemeki, yananing'inia mpaka niyakate kwa kidole. Kufika wiki ya nne yakaisha.

Niwaeleze ukavu huo ulivyo, maana ukimwambia mtu "mdomo umekauka" hudhani ni kama kiu ya saumu. Kiu ya saumu ukinywa maji inaondoka. Huu unakunywa maji, maji yanapita, na kabla hujaweka kikombe chini mdomo umerudi ulivyokuwa. Ulimi unanata kwenye kaakaa, ukiubandua unasikia sauti.

Kwangu mimi uliniuma zaidi kwenye kazi. Herufi ya thaa na dhaal, ncha ya ulimi hugusa ncha za meno ya juu. Ulimi mkavu unanata kwenye jino na herufi inatoka imekatika. Qaaf inatoka kule nyuma kabisa, ndiko hasa nilikochomwa, ikawa inakwama. Nilikuwa nasoma aya mbili nanywa maji, aya mbili nanywa maji. Mtoto mmoja wa miaka minane akaanza kunishikia kikombe bila kuambiwa na mtu. Kila nikifika kwenye kituo, ananyoosha mkono. Alifanya hivyo mwaka mzima.

Idi ya kwanza baada ya tiba mke wangu aliniwekea mahamri na mbaazi, asubuhi kama tulivyozoea. Nikauma hamri. Likawa kama nimetia pamba mdomoni. Nikatafuna, nikatafuna, halishikani, halishuki. Nikatoka uani nikalitema, nikakaa kule kidogo kabla ya kurudi mbele ya watoto.

Haya yote niliyavumilia kwa sababu niliambiwa ni ya kupita. Sasa nifike kwenye meno.

Kama miezi kumi na minne baada ya tiba nikaanza kuona mstari wa rangi ya kahawa pale jino linapoingia kwenye ufizi. Si juu ya gego ambako sote tumezoea kuona shimo, bali shingoni mwa jino, na kwenye meno ya mbele ya chini ambayo kwa kawaida hayaozi upesi. Hayakuuma. Nikapiga mswaki kwa nguvu zaidi. Kisha siku moja jino la mbele likakatika nikila ndizi mbivu.

Nikaenda kliniki moja ya meno mjini. Hawakuniuliza kama nimewahi kuchomwa mionzi, na mimi sikujua kwamba nilipaswa kuwaambia. Wakaning'oa gego la chini kushoto. Kidonda hakikufunga mwezi, hakikufunga miwili, kilifika miezi mitano. Nikipitisha ulimi nagusa kitu kigumu chenye makali, nikadhani ni mzizi wa jino umesahauliwa. Kumbe ni mfupa wa taya, uko wazi.

Nimekuja kueleweshwa baadaye. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa. Taya lililochomwa halina uwezo wa kupona kama taya la mtu mwingine, na hali hiyo haiishi, ni ya maisha. Ukiling'oa jino hapo, mfupa unaweza kufa. Mimi nilitibiwa kwa antibiotiki muda mrefu na kukwanguliwa mfupa uliokufa. Alhamdulillah taya halikuvunjika. Meno sita yameondoka.

Ninalotaka mlichukue ni hili. Kama mgonjwa wenu hajaanza mionzi ya kichwa au shingo, mpelekeni kwa daktari wa meno SASA, apigwe picha ya taya zima, na jino lolote lisilokuwa na maisha marefu liondolewe kabla, kidonda kipate siku kumi hadi kumi na nne za kufunga. Kama ameshamaliza mionzi, asing'olewe jino na yeyote kabla daktari huyo hajajua alichomwa wapi na kwa kipimo gani. Karatasi ya muhtasari wa tiba iombeni hospitali, muiweke pamoja na kitambulisho. Ningekuwa nayo mfukoni siku ile, leo ningali na gego langu.

Niulizeni chochote. Nikichelewa kujibu niko darasani.

---

BiKisauni

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimesoma mikono inatetemeka.

Mume wangu anatengenezewa barakoa Jumanne ijayo, mionzi yaanza wiki moja baadaye. Uvimbe uko nyuma ya pua. Tumeambiwa tuje na majibu ya damu, picha na kadi. Meno hayakutajwa. Na ana gego moja la juu limevunjika nusu tangu zamani, lina shimo, lakini haliumi kwa hivyo tulilisahau. Naogopa tukilitaja watatuahirisha, na tumengoja nafasi hii miezi. Nifanye nini?

---

MwalimuWaMajengo

Dada yangu, usingoje Jumanne. Kesho asubuhi piga simu kule mlikopangiwa, waambie maneno haya haya uliyoandika hapa. Usiende kuling'oa kimyakimya na usilifiche. Naamini kuna wajuzi humu watakujibu vizuri kuliko mimi.

---

MuuguziWaMionzi

Nimezaliwa Tudor, Mombasa, nafanya kazi kwenye kitengo cha mionzi miaka mingi sasa. Mwalimu ameeleza sawasawa. Niongeze kwa upande wetu.

BiKisauni, kwanza wewe. Gego lililovunjika nusu na lenye shimo ndilo hasa linalotafutwa kabla ya kuanza. Daktari wa saratani na wa meno wanatakiwa wazungumze wao kwa wao. Watapima mambo mawili: hatari ya jino kubaki, na hatari ya kuchelewesha tiba ya saratani. Wakati mwingine wanang'oa siku hiyo hiyo barakoa inapotengenezwa, na kidonda kinapona katika zile siku ambazo wataalamu wanapanga mionzi kwenye kompyuta. Kwa hivyo kulitaja mapema ndiko kutakakowapa nafasi ya kutowaahirisha. Mkilitaja siku ya kwanza ya mionzi ndipo patakuwa na kazi.

Halafu kuna swali ambalo wagonjwa hawaulizi, na mna haki ya kuliuliza: "Tezi za mate za mume wangu zitakingwa?" Tuna jozi tatu za tezi kubwa za mate. Moja iko mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi, na zaidi ya hizo kuna vitezi vidogo mamia midomoni na kooni. Mtu mzima hutoa mate kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Za masikioni ndizo zinazomimina mate mepesi mtu anapokula. Za chini ya taya ndizo zinazolowesha mdomo wakati wote mwingine, hata usingizini. Ndiyo maana utamsikia mgonjwa anasema kula naweza kidogo, lakini usiku nakufa.

Uvimbe wa koo hupewa kipimo cha kama grei 70 kwa jumla (grei ndiyo tunayopimia mionzi). Tezi ya sikioni ikipata wastani wa chini ya grei 26 hivi, ina matumaini ya kurudi. Mashine za sasa zinaweza kupangwa miale ifuate umbo la uvimbe na kuipunguzia tezi. Uingereza walilinganisha njia hii na ile ya zamani, utafiti ukatoka mwaka 2011: mwaka mmoja baada ya tiba, waliochomwa kwa njia ya zamani 74 katika kila 100 walikuwa na ukavu wa kusumbua, na wale wa njia mpya 38. Si wote wanaokingika, maana uvimbe ukiwa karibu na tezi huwezi kuuacha uvimbe ili uokoe mate. Lakini kuuliza ni halali yenu.

---

KijanaWaChangamwe

Shikamooni wakubwa. Mamangu alimaliza mionzi mwezi wa tatu. Hali chakula. Amepungua kilo 11. Dada yangu anamkamulia ndimu apate mate, na anamung'unya peremende kutwa. Akila anakohoa. Anasema kila kitu kina ladha ya chuma. Tumechoka, na yeye amechoka zaidi. Naombeni chakula gani anaweza kula.

---

MwalimuWaMajengo

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mpe mama salamu zangu.

Kwanza ndimu iacheni leo hii. Najua mantiki yake, ndimu humtoa mtu mate hata akiiona tu, lakini kwa mama tezi hazina cha kutoa na ile asidi inabaki kwenye meno na vidonda bila kitu cha kuisafisha. Mate ndiyo yaliyokuwa yakiipunguza makali asidi na kuyarudishia meno madini yake. Yasipokuwepo, asidi inakula. Na peremende ni hivyo hivyo, sukari inakaa juu ya jino siku nzima. Hata madafu, ambayo mimi nilidhani hayana kosa, yana sukari yake. Nilikuwa natembea na dafu nikinywa funda moja moja kutwa, nikijiona nimepata dawa. Daktari wa meno alipojua alisikitika. Dafu nanywa sasa, lakini nalimaliza kwa mara moja na nasukutua maji baada yake. Kinachotembea nami mkononi ni maji matupu.

Akitaka kitu cha kumung'unya mtafutieni peremende au chingamu isiyo na sukari, yenye zailitoli. Kama tezi zimebaki na uhai kidogo, kutafuna kunaziamsha.

Chakula. Kilichoniokoa mimi ni boko boko. Mke wangu huloweka ngano usiku, huichemsha na nyama isiyo na mafuta mengi mpaka vyote vimeshindwa kusimama, kisha huisonga kwa mwiko mpaka nyuzi za nyama zimepotea ndani. Yangu alikuwa akiitoa kabla hajaiweka nzito, anaongeza supu iwe ya kuteleza, na samli juu. Bila pilipili, bila bizari kali. Inashuka yenyewe. Baada ya hapo mseto wa pojo uliozidishwa tui. Samaki mwenye nyama laini aliyechemshwa kwa tui, mke wangu akimchambua miba kwa vidole chini ya taa, mara mbili, maana mdomo mkavu haujui mwiba uko wapi. Uji wa mchele wa nazi. Mayai ya kuvuruga. Parachichi.

Kila tonge liende na kitu cha majimaji. Hata wali: usimpe wali juu na mchuzi pembeni, mchanganyieni kabisa. Vikavu vyote, mkate, viazi karai, mihogo ya kuchoma, mahamri, viwekeni mbali kwanza asije akavunjika moyo. Mimi hamri nilirudi kulila mwaka wa pili, nikilichovya kwenye chai mpaka limelegea.

Ladha ya chuma hupungua. Kwangu ilichukua kama miezi sita kuanza kuonja chumvi. Utamu ulichelewa zaidi. Mwambie hivyo, asidhani ndiyo basi.

Lakini kukohoa akila na kilo 11 si mambo ya kujibiwa na mimi. Muuguzi, tafadhali.

---

MuuguziWaMionzi

KijanaWaChangamwe, rudi naye hospitali wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Kukohoa akila kunaweza kuwa ni chakula kinaingia njia ya hewa, na hiyo huleta nimonia. Kuna wataalamu wa kumeza, wanapima na kumfundisha namna ya kuinamisha kidevu na mazoezi ya misuli. Akihitaji mpira wa kulishia kwa muda, msiuogope. Hata akiwa na mpira aendelee kumeza kidogo kidogo kama ameruhusiwa, maana misuli ya kumeza isipotumika husahau kazi.

Waangalie pia kinywani. Mdomo bila mate huota utandu mweupe wa fangasi, unaungua, unafanya kila kitu kiwe na ladha mbaya. Una dawa, na ni rahisi kutibika. Wagonjwa wengi wanaambiwa "hamu itarudi" kumbe ni fangasi tu.

Maji ya kusukutua mnaweza kutengeneza nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi, na kijiko cha chai cha bikaboneti, ule unga mweupe wanaotia kwenye bajia. Si hamira, na si magadi ya mawe. Asukutue kila baada ya saa moja au mbili, ateme. Mtengeneze mapya kila siku. Zile dawa za kusukutulia za dukani zenye spiriti zinakausha zaidi, mziache.

Na apime homoni za tezi ya shingo, ile dundumio, kila miezi sita hadi mwaka. Mionzi ya shingo huilegeza polepole. Mtu anachoka, anasikia baridi, anavimba uso, watu wanasema ni saratani imerudi, kumbe anahitaji kidonge kimoja kwa siku.

---

Bandarini_01

Hakuna dawa ya kurudisha mate? Huku kwetu kuna mzee anasema tangu atafune muguka mate yamerudi.

---

MuuguziWaMionzi

Ndugu yangu, muguka na miraa zinakausha mdomo. Anayetafuna ndiye anayetembea na chupa ya maji na soda pembeni, mnamwona wenyewe kila maskani. Huyo mzee anachosikia ni ile kazi ya kutafuna, na utomvu wa majani. Na watu wengi huisindikiza na sigara na vitu vitamu, jambo ambalo kwa aliyetibiwa saratani ya koo sitaki hata kulifikiria.

Dawa ipo moja inayotumika sana, pilokapini. Asili yake ni majani ya mti wa Brazili unaoitwa jaborandi, na wenyeji wa kule jina hilo walilipa maana ya kitu kinachomwaga udende. Marekani iliidhinishwa kwa wagonjwa wa mionzi mwaka 1994. Kwa kawaida ni miligramu 5 mara tatu kwa siku, na inaweza kuchukua hadi wiki 12 kuonekana faida yake. Inafanya kazi kwa aliyebakiwa na tezi zenye uhai. Huleta jasho jingi na haja ndogo ya mara kwa mara, na kwa hali ya hewa ya Mombasa jasho si jambo dogo. Mwenye pumu isiyotulia, maradhi fulani ya moyo au presha ya macho ya aina fulani haimfai. Nasisitiza: kuna matone ya macho yenye dawa hii hii. Msiyanywe kwa kujipimia nyumbani. Daktari ndiye aamue.

Kuna upasuaji wa kuihamisha tezi ya chini ya taya na kuiweka chini ya kidevu kabla ya mionzi, ulianzia Kanada. Na Denmark wamejaribu kudunga kwa sindano seli shina ndani ya tezi zilizokauka. Haya ya pili bado ni ya utafiti, mtu asiwauzieni.

---

MwalimuWaMajengo

Pilokapini mimi nilipewa. Ilinisaidia, si sana, lakini usiku nilitoka kuamka mara tano hadi mara mbili. Jasho kweli, kanzu ilikuwa ikinata mgongoni hata Julai.

Kuhusu usiku: feni isikuelekee usoni. Wakati wa kaskazi nilikuwa nalala feni ikinipiga moja kwa moja, na alfajiri ulimi umepasuka. Sasa inaelekea ukutani. Kabla ya kulala napaka mafuta ya nazi kidogo sana kwa kidole kwenye midomo na ndani ya mashavu. Kuna jeli na mate bandia ya kupuliza kwenye duka kubwa za dawa, nzuri, ila bei yake imenishinda kuwa nayo kila mwezi.

Na floridi, nisiisahau, hii ndiyo iliyookoa meno yaliyobaki. Daktari wa meno wa sasa alinichukua vipimo akanitengenezea visahani viwili vya plastiki laini, cha juu na cha chini, vinakaa juu ya meno kama ala ya jambia. Kila usiku baada ya mswaki natia ndani jeli ya floridi, navivaa dakika kumi, natema, sisukutui, sili wala sinywi nusu saa. Dawa ya meno ya kawaida ina floridi sehemu 1,000 hadi 1,500 katika milioni. Ninayotumia asubuhi ina 5,000. Tangu nianze, miaka miwili na nusu, sijapoteza jino jingine.

Mti wa mswaki niliupenda toka utotoni, lakini ufizi mkavu ulikuwa unachanika. Nimeuhamia mswaki laini wa watoto. Mti naugusisha tu kwa sunna, kwa ulaini, ukiwa umeloweshwa.

---

TaaYaLikoni

Mwalimu, suala la Ramadhani. Baba amemaliza mionzi mwaka jana na anang'ang'ania kufunga. Tukimzuia anakasirika, anasema tunamfanya mgonjwa.

---

MwalimuWaMajengo

Namwelewa kabisa babako. Mimi mwaka wa kwanza nilifunga siku nne nikificha hali yangu. Siku ya nne nikiwa kwenye feri ya Likoni, jua la saa tisa, ulimi ulinata kwenye kaakaa nikashindwa kumjibu mtu salamu. Nikasimama pale mbele ya watu nikionyesha kwa mkono. Nilipofika ng'ambo nikafungua.

Aya ya 184 ya Suratul Baqara imemtaja mgonjwa waziwazi, na imetaja fidia ya kumlisha maskini kwa asiyeweza. Mwambie sijamkatalia ibada, nimemsomea tu. Amuulize sheikh wake na daktari wake kwa pamoja, kwa sababu hali hubadilika: mimi mwaka wa tatu nilirudi kufunga, kwa kusukutua mara nyingi bila kumeza, na kupumzika mchana. Mwaka huu nimefunga mwezi mzima. Baba yako huenda akafika huko. Na tende za kufuturu asukutue baada yake, zinashikilia meno kama gundi.

Pengine pia mpeni kazi badala ya kumpa katazo. Mwaka niliokuwa sifungi, mimi ndiye niliyepeleka futari msikitini kila jioni.

---

KijanaWaChangamwe

Tumerudi hospitali. Alikuwa na fangasi kweli, ulimi mzima mpaka nyuma. Amepewa dawa. Ameandikiwa pia mtaalamu wa kumeza Alhamisi. Boko boko dada yangu alipika jana, amekula vijiko saba. Tulihesabu sote tumesimama mlangoni.

---

BiKisauni

Nilipiga simu asubuhi ile ile. Yule dada wa mapokezi akaniunganisha na daktari, daktari akauliza maswali mawili tu kisha akasema tuje mapema siku mbili. Leo gego limetoka, na jingine la chini ambalo hatukulijua, picha ndiyo iliyolionyesha, usaha chini ya mzizi. Barakoa imetengenezwa siku ile ile. Mionzi imesogezwa siku nne tu.

Nimeuliza kuhusu tezi kama ulivyosema, Muuguzi. Daktari akanifungulia kompyuta akanionyesha. Akasema ya kulia watajitahidi kuikinga, ya kushoto haahidi. Nimeshukuru kuambiwa ukweli.

Amechukuliwa vipimo vya visahani vya floridi. Anauliza, Mwalimu, visahani vinasafishwa na nini? Na anataka kujua kama utaweza kumpigia ile wiki ya pili, mate yakianza kuvutika, kwa sababu ameisoma sehemu hiyo mara nyingi.

---

MwalimuWaMajengo

Maji baridi na mswaki wake peke yake, dada. Maji ya moto yanavikunja, mimi niliharibu vya kwanza hivyo. Avikaushe, aviweke kwenye kibweta chenye matundu, mbali na jua na mbali na watoto.

Nimekutumia namba yangu kwa ujumbe wa siri. Mwambie apige baada ya Isha, nikiwa nimeshawatoa wanafunzi. Mazungumzo yetu yatakuwa ya polepole, nitakuwa nakunywa maji kati ya maneno, asidhani simu imekatika.